Shajara ya mradi: jina la ukoo wetu, lilikoanzia na lilikobakia

Januari 2025

Nimeanza rasmi. Mradi ni mmoja: kufuatilia jina letu la ukoo, jina ambalo katika mkoa wetu wa Mwanza, wenye watu 3,699,872 kwa sensa ya 2022 ni nadra kulisikia likiitwa mahali popote pasipo na ndugu yangu. Kila dirisha la ofisi ninalosimama naulizwa swali lile lile: "Hili jina ni la wapi, dada?" Najibu ni la hapahapa Usukumani, na mara nyingi naona kwamba sijaaminiwa.

Jina lenyewe sitaliandika humu. Wenye nalo ni wachache mno, na kuliandika hadharani ni sawa na kumwongoza mgeni hadi mlangoni kwa mtu. Isitoshe, ndugu kadhaa niliowafikia wameniomba hivyo kabla hawajakubali kuongea. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na nakusudia kuiheshimu hata kama mradi huu ni wa familia. Itoshe kusema kwamba jina linaanza na ile Ng'w ya Kisukuma na lina herufi l katikati. Kuanzia hapa nitaliita Jina.

Maswali yangu ni haya: lilianzia kwa nani, lilisambaa kwa njia gani, na leo liko wapi. Mimi ni binti. Watoto wangu wanabeba majina ya baba yao na babu yao, na ndivyo inavyopaswa. Lakini nataka wajue jina la mama yao lilitoka wapi kabla wanaojua hawajaondoka wote.

Jambo la kwanza la kuliweka sawa ni kwamba zamani huku kwetu hapakuwa na jina la ukoo kwa maana ya fomu za leo. Mtoto alipewa jina lake mwenyewe: Mabula au Kabula akizaliwa mvua ikinyesha, Kulwa na Doto wakiwa mapacha, Shija yule anayewafuata mapacha tumboni. Akiulizwa yeye ni nani, alijibu kwamba ni ng'wana fulani, mtoto wa fulani. Jina la baba lilimfuata mwanawe, likasogea nyuma kwa mjukuu, kisha likaacha kutajwa kila siku. Fomu zetu za sasa zimeurithi mpangilio huo bila kuutangaza: jina la kwanza ni lako, la kati la baba, la mwisho la babu. Kizazi kinachofuata kinasukuma mbele, na jina la babu linadondoka.

Kwa hiyo jina linaloganda, likarithiwa vizazi vinne au vitano bila kusogea, ni tukio. Kuna mtu fulani aliyesimama mbele ya karani siku fulani, na tangu siku hiyo jina la baba yake halikusogea tena. Siku hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Nchi nyingine zina tarehe zake. Ufilipino walipangiwa majina ya ukoo kwa amri ya Gavana Clavería mwaka 1849. Japani waliagizwa wote wawe nayo 1875, Siam, yaani Thailand ya leo, 1913, Uturuki 1934. Iceland hadi leo wengi wao hutumia jina la baba tu, kama bibi na babu zetu. Tanganyika haijawahi kuwa na siku kama hiyo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwepo tangu 1920, lakini kwa miongo mingi haikuwafikia wengi wa vijijini. Kwetu kila familia ina tarehe yake, na wengi hawana kabisa.

Februari

Mwezi wote nimekuwa kwenye tahajia. Wapo wanaoona hii ni kazi ya maandalizi tu, ya kupita haraka. Mimi naona nusu ya utafiti iko hapa.

Tazama jiji letu lenyewe. Wenyeji husema Ng'wanza. Wajerumani waliandika Muansa kwenye ramani na mihuri yao. Waingereza wakaja Julai 1916, wakaandika Mwanza, na hivyo ndivyo tulivyobaki. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki ambao wengi wa wale wa mwanzo walikuwa Wafaransa, waliandika Boukoumbi pale tunapoandika Bukumbi, kwa sababu sauti yetu ya u kwao ni ou. Naye mvumbuzi Henry Morton Stanley, aliyefika Kageyi, kusini mwa ziwa, Februari 1875, alimwandika mtawala wa Ukerewe kuwa Lukongeh, wakati wengine wamemwandika Rukonge na Lukonge. Mtu ni mmoja.

Ukilijua hilo, tahajia inageuka kuwa shahidi. Sehemu ile ya Jina inayotamkwa -wa- nikiiona imeandikwa -oua-, najua mkono ulioandika ulikuwa wa misheni ya mwanzo. Nikiona -ua- pekee, nafikiria boma la Wajerumani au mtu aliyefundishwa na mwalimu wa zama hizo. Nikiona -wa-, ni baada ya 1916, au ni mtu aliyerekebisha baadaye. Mwanzo wa Jina nao una sura zake: Ng'w, Ngw, Mw, Nw, na hata N'gw, ritifaa ikiwa imehamia upande usio wake. Halafu ile l katikati hugeuka r mara tu Jina linapopita kwa karani wa upande wa magharibi au wa kaskazini ya Ziwa Viktoria.

Nimeandika sura zote zinazowezekana kwenye jedwali, moja kila mstari, na pembeni nimeweka ofisi ambayo ingeweza kuizalisha. Kisha nikatazama kompyuta zinavyofanya. Ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa mashine, na mifumo mingine huifuta kabisa. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa kwenye kanzidata moja wakaonekana hawana uhusiano wowote, kisa alama moja juu ya mstari. Nadhani sehemu ya uadimu wa majina yetu mengi ya Kisukuma ni hii tu: watu wapo, ila jina limekatwakatwa vipande visivyotambuana.

Machi

Parokia moja kongwe ya upande wa Bukumbi. Mapadri Weupe walifungua misheni huko mwaka 1883, kwa hiyo kama kuna mahali penye karatasi za zamani kusini mwa ziwa, ni hapo. Nilikwenda na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wetu. Padri aliyenipokea alinikalisha kwenye meza kando ya dirisha, akaniletea daftari la ubatizo, akaniomba nisifungue kwa kidole chenye mate.

Daftari limeandikwa Kilatini. Kila mbatizwa ana mstari wake: tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, kijiji, msimamizi, na padri aliyebatiza. Pembeni pana nafasi iliyoachwa wazi ya kuandika mambo yatakayokuja, kipaimara na ndoa. Wino umegeuka kahawia, wa rangi ya chai ya rangi iliyochacha. Nilipitisha rula karatasi baada ya karatasi, nikisoma safu ya baba peke yake.

Nilimkuta. Ni babu wa baba yangu, aliyebatizwa miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lake la Kisukuma halikuandikwa kabisa. Limeandikwa jina la mtakatifu, na mbele yake kwenye safu ya baba, Jina, lenye ou katikati, kama nilivyotegemea. Pembeni, kwa mkono mwingine na wino wa bluu, iko ndoa yake, na humo Jina limeandikwa kwa w. Karatasi moja, mikono miwili, tahajia mbili, na mtu yule yule.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyoombwa. Kwa sababu kilichotokea kinaonekana wazi ukiitazama safu ile. Mtu aliingia kanisani akiwa na jina lake na jina la baba yake. Akatoka akiwa na jina jipya la mbele, na jina la baba likawa ndilo pekee la Kisukuma alilobaki nalo kwenye karatasi. Watoto wake walipopelekwa shule ya misheni, mwalimu aliwaandika kwa lile lile, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye daftari la wazazi. Wajukuu vivyo hivyo. Jina liliganda pale.

Na mistari kadhaa chini yake hayupo kaka yake. Nimepita daftari lile na lililofuata, kwa sura zote nilizoziorodhesha Februari. Bibi zetu wanasema kaka mtu hakubatizwa, alibaki na ng'ombe. Huyo hakugandishwa na mtu.

Aprili

Mvua za masika. Nimefanya kazi za mezani.

Nimefuatilia kodi, nikidhani ndiko majina mengi yalikogandia. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba 1898, kwa rupia, na Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa 1922. Watemi na banangwa, yaani wakuu wa vijiji walio chini ya watemi, ndio waliohimiza ikusanywe. Lakini kwenye karatasi za kipindi cha Waingereza nilizoonyeshwa na familia mbili, stakabadhi zilizokunjwa hadi zimekatika kwenye mikunjo, mtu ameandikwa jina lake, kifupi cha "mtoto wa", kisha jina la baba. Yaani ule ule mpangilio wa Ng'wana. Kodi ilimtaka mtu mzima aliye hai na nyumba yake. Haikujali mjukuu ataitwa nani. Waliojali vizazi ni shule, kanisa, na mwajiri mwenye malipo ya uzeeni.

Mpwa wangu ameshauri tutumie huduma ya kutuma pesa kwa simu: unaingiza namba, jina la mwenye laini linatokea kabla hujathibitisha. Nimekataa. Anayetafutwa kwa njia hiyo hajaulizwa, na mradi huu utakwenda kwa watu waliokubali tu, kupitia ndugu anayemjua ndugu.

Mei

Kuna swali lililokuwa linanisumbua: je, uadimu wa Jina unamaanisha ukoo wetu ulikuwa mdogo, au ulipata mkosi?

Wataalamu wa hesabu walilipigia swali hili kambi zamani. Mwaka 1874 Waingereza wawili, Francis Galton na Henry Watson, waliandika juu ya kutoweka kwa majina ya ukoo. Hoja yao ni hii. Jina linapita kwa wana wa kiume. Kila mwanamume anaweza kupata wana wengi, mmoja, au asipate. Kizazi kimoja kikipata mabinti watupu, tawi limekatika, hata kama mabinti hao wana watoto kumi kumi. Kwa bahati tu, bila vita wala tauni, majina mengi hupotea na machache huvimba. Kama wastani wa wana wa kiume wanaofikia kuzaa hauzidi mmoja kwa kila baba, jina litatoweka, ni suala la muda.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba jina limeganda tayari. Kwetu halikuganda kwa wengi, hivyo kuna njia ya pili ya kupotea ambayo Uingereza hawakuwa nayo: mtu ana wana saba, wote hai, wote wana watoto, na jina lake limekwisha kutajwa kwenye karatasi baada ya vizazi viwili. Damu inaongezeka, jina linaisha. Nafikiri hili ndilo jambo kubwa ambalo mradi umenifundisha hadi sasa, na najua limewapata maelfu ya koo kuzunguka ziwa hili.

Nimesoma pia kazi za vinasaba. Mwaka 2000 Bryan Sykes na mwenzake walipima wanaume wa Uingereza wenye jina Sykes, wakakuta karibu nusu wana kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, ya namna moja, ingawa hawakujuana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester baadaye wakaonyesha kwamba jina linavyozidi kuwa adimu ndivyo wenye nalo wanavyoelekea kuwa na baba mmoja wa zamani. Majina yaliyojaa kama Smith yalianza mahali pengi kwa wakati mmoja. Hiyo inanipa moyo: kama Jina ni adimu kweli, wenye nalo huenda wote ni watu wa yule wa kwenye daftari. Ila kwa Usukumani siwezi kulichukulia hivyo moja kwa moja. Jina linalotolewa kwa tukio, kama mvua au mapacha, linazaliwa upya kila mwaka kwenye vijiji mia. Inabidi nithibitishe mtu kwa mtu.

Juni

Sengerema. Tarehe 19 mwezi huu Daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa rasmi, kilomita 3 juu ya maji, na mimi nimevuka siku chache baada ya hapo. Ghuba ya Mwanza, linayoivuka, ndiyo iliyotenganisha upande wetu na ule wa pili. Wasukuma walihamia kwa wingi magharibi ya ghuba, Geita na Sengerema, nchi ya Wazinza, hasa baada ya Vita vya Pili, serikali ya mkoloni ilipofungua ardhi kule kupunguza msongamano wa watu na mifugo. Watu wetu walikuwamo.

Nilikwenda kumwona mzee ambaye kwenye karatasi hana Jina. Nilielekezwa kwake na shangazi. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, anachambua maharage kwenye ungo, macho hayaoni vizuri ila vidole vinajua jiwe na punje. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, mayu. Ng'wana nani?"

Nikamtaja baba.

"Huyo simjui. Panda."

Nikamtaja babu. Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage. "Panda tena."

Nilipofika kwa Jina, vidole vilisimama. Akalitamka yeye mwenyewe, na nililisikia kama sijawahi kulisikia likitamkwa: ng'w ya mwanzo ikitokea puani, l nyepesi, kwa haraka. Sisi wa mjini tumelizoea kama lilivyoandikwa.

"Na mimi niliwahi kuitwa hivyo," akasema.

Mama yake alikuwa binti wa ukoo wetu. Baba yake alimchukua bila kutoa ng'ombe. Kwa mila, mahari isipotolewa watoto ni wa kwao mama. Hans Cory, aliyekusanya sheria za kimila za Wasukuma kwa ajili ya serikali ya mkoloni, aliliandika hilo, na mzee huyu aliliishi. Alikulia kwa babu mzaa mama, akachunga ng'ombe wa babu, na alipoandikwa shule aliandikwa kwa Jina. Alikuwa ameshaota ndevu wakati baba yake alipoleta ng'ombe. Siku ile ng'ombe walipohesabiwa na kupokelewa, alihama, na jina likahama pamoja naye.

"Ulihuzunika, guku?" nikamuuliza.

"Nihuzunike nini? Nilipata baba." Akanyamaza kidogo. "Ila mwalimu aliendelea kuniita lile la kwanza mpaka namaliza."

Ana cheti cha shule. Kipo kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la bati, na kina Jina, kwa r badala ya l. Watoto wake hawana Jina. Mdogo wake wa mama mmoja, ambaye kwa upande wake mahari ya mama haikuwahi kukamilishwa, alibaki nalo, na watoto wake wanalo hadi leo, wako Geita mjini. Hivyo tawi zima la Jina kule Geita limepita kwa mwanamke. Kromosomu Y yao ukiipima haitafanana na yetu, na hata hivyo ni ndugu zetu kwa asilimia zote ambazo mila inazijua. Hapo nimeacha kabisa wazo la vipimo vya vinasaba. Vingewatoa nje watu ambao ng'ombe, au kukosekana kwa ng'ombe, kuliwaweka ndani.

Agosti

Tawi la reli na meli. Hili ndilo lililokwenda mbali zaidi likiwa na jina lake zima.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Mmoja wa wajukuu wa yule mbatizwa aliajiriwa bandarini, na kazi ya reli na bandari ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki nzima, hivyo akahamishiwa Kisumu. Mwajiri alikuwa na kitabu cha mishahara na baadaye malipo ya uzeeni, na kwenye vitabu hivyo jina halibadiliki kila kizazi kikija. Alioa huko, akajenga huko. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Barua ziliacha kuja. Waliporudi kuandikiana, waliokuwa wanajua anwani walikuwa wamekufa upande mmoja.

Nimempata mjukuu wake kwa msaada wa mama mmoja muuza dagaa anayejua watu wa pande zote mbili. Kitambulisho chake cha Kenya kina Jina bila ritifaa, Ngw tupu, na yeye hulitamka kama lilivyoandikwa, g ikisikika. Alikuwa anaamini ni jina lisilo na maana, lililotokana na makosa ya karani. Nilimtumia sauti niliyomrekodi mzee wa Sengerema kwa ruhusa yake. Alinipigia simu saa hiyo hiyo, na mazungumzo yetu yalikwisha usiku wa manane. Ana vijana wanne wa kiume. Kwa hesabu ya Galton na Watson, tawi lenye nafasi nzuri kuliko yote ya kuliendeleza Jina liko Kisumu.

Septemba

Sasa yule kaka aliyebaki na ng'ombe.

Kwenye karatasi hayupo. Kwenye midomo ya watu yupo sana. Wazao wake waliondoka na mifugo kufuata malisho, kama Wasukuma wengi kuanzia miaka ya 1970 na 1980: Tabora, Rukwa, kisha Usangu kule Mbeya. Wafugaji walipoondolewa kwenye bonde la Usangu 2006 na 2007, baadhi walisukumwa hadi Lindi, wengine wakaingia bonde la Kilombero. Wapo Ifakara. Nimeongea nao kwa simu, kwanza kwa wasiwasi wao, maana mgeni anayeuliza majina ya watu na walikotoka si mtu wa kuaminiwa haraka na wafugaji waliohamishwa mara mbili. Kisukuma ndicho kilichofungua. Nilipotaja mababu kwa mpangilio, mama mmoja upande wa pili wa simu alianza kuyataja pamoja nami, na kwenye jina la tatu akanipita.

Hakuna hata mmoja wao mwenye Jina mwishoni. Kila kizazi kimesukuma kama mila inavyotaka. Kwa idadi, kwa jinsi wanavyotajana, ndio wengi kuliko matawi mengine yote tukijumlishwa. Ningechora ramani ya Jina kwa kufuata orodha yoyote rasmi, Ifakara ingekuwa tupu.

Kwa hiyo naandika hapa ninachokiamini sasa baada ya miezi hii yote: ramani ya jina adimu la ukoo huku kwetu ni ramani ya ofisi. Inaonyesha palipokuwa na padri, mwalimu, bandari na kitabu cha mishahara. Bukumbi, Mwanza mjini, Geita, Kisumu. Ukoo wenyewe uko kwingine kwingi, na mwingi, na hauna jina moja.

Novemba

Nimechora ramani mbili, moja juu ya nyingine, kwenye karatasi ya kufuatishia. Ya chini ni ya Jina pale linaposimama mwisho. Ya juu ni ya watu wanaomtaja mhenga yule yule wanapopanda kizazi kwa kizazi. Zinagusana kandokando ya ziwa tu.

Nilidhani kazi ya mwaka huu imeisha hapo, lakini wiki hii ujumbe umeingia kutoka Ifakara. Yule mama aliyenipita kwenye jina la tatu anaulizia kama orodha yangu inapokea jina la mbele. Mwanawe wa mwisho, aliye darasa la nne, alirithishwa jina la mhenga alipozaliwa, kama watu wetu wanavyofanya siku zote kuwarudisha wazee. Anaitwa Jina. La kwanza, lake mwenyewe. Yuko pia binamu yake Lindi, na mtoto mchanga ambaye amepewa baada ya simu zetu za Septemba.

Jedwali langu lilikuwa na safu moja ya jina, ile ya mwisho. Nimeligawa upya: la kwanza, la kati, la mwisho, na kila mtu ameingizwa mahali Jina liliposimama kwake. Mtoto wa darasa la nne akija kuzaa, watoto wake watakuwa nalo katikati. Wajukuu wake watakuwa nalo mwisho, na karani atawauliza ni la wapi. Nimemjibu mama yake kwamba ndiyo, linapokelewa, na nimemwomba aniandikie kwa herufi anazozitumia shuleni kwao. Ameandika Ng'w, ritifaa mahali pake. Mwezi ujao naanza kuwauliza wa Lindi.